Saa ya Baba na chaji ya siku mbili

Nimekaa kitambo bila kuandika hapa. Wale wanaopita mara kwa mara wanajua kwamba nikinyamaza huwa ni mambo mawili: ama kazi imenilemea, ama kuna jambo ninaona haya kulisimulia. Safari hii ni hilo la pili. Nimetaka kuandika juu ya betri za saa janja tangu mwaka 2023, na kila nikianza najikuta naandika juu ya Baba. Basi leo nitayaandika yote mawili pamoja.

Kwanza neno moja la lugha. Kiswahili chetu kinaita saa kile kinachofungwa mkononi, na tena saa ni dakika 60. Ili tusichanganyikiwe, humu nitaandika "masaa" ninapohesabu muda. Walimu wangu wa Kiswahili wanisamehe.

Baba alifanya kazi ya reli miaka mingi, sana sana Voi, hadi alipostaafu akarudi nyumbani Wundanyi, kule juu kwenye milima ya Taita. Mtu wa reli na saa ni kama mvuvi na ngalawa. Yake ilikuwa saa ya kutia ufunguo, ile unayozungusha kifundo cha pembeni kwa kidole gumba na cha shahada. Kila jioni redio ikianza taarifa ya habari ya saa moja, aliivua, akaizungusha mpaka ikagoma, akaivaa tena. Sisi watoto tulijua kwamba muda huo hakuna anayeongea. Sikumbuki hata siku moja saa ile ikisimama.

Miaka michache iliyopita daktari alimwambia ana presha. Akapewa dawa za kumeza asubuhi na jioni, kila siku, bila kuruka. Baba akatundika kalenda ukutani karibu na redio na kalamu ikining'inia kwa uzi. Akimeza anaweka alama. Asubuhi alama, jioni alama. Krismasi ya 2022 nilipoenda nyumbani nikaiona ile kalenda, nikacheka kimoyomoyo. Mimi ninakula kwa kutunga programu. Mwanawe mtu wa tarakilishi, naye baba anaweka alama ukutani kwa kalamu ya uzi?

Nilikuwa nimemletea saa janja kama zawadi. Sitataja jina lake kwa sababu kosa halikuwa lake, na utaona. Ni saa ya bei ya wastani, betri yake ni ya 200 mAh, na uzuri wake kwa mtu kama mimi ni kwamba mwenyewe unaruhusiwa kuiandikia programu kwa JavaScript. Kwenye kisanduku waliandika kwamba chaji hukaa wiki mbili. Nikakaa usiku tatu mezani kwa Mama, nikaandika programu ya dawa.

Ilikuwa hivi. Saa moja asubuhi na saa mbili usiku saa inatetemeka mkononi. Baba anameza, anabonyeza kitufe. Habari inakwenda kwenye rununu yake kwa Bluetooth, rununu inaipeleka kwenye seva yangu kwa intaneti, nami nikiwa Nairobi nafungua ukurasa na kuona duara la kijani. Ikipita nusu saa hajabonyeza, saa inatuma habari kwamba hajameza, na duara linakuwa jekundu.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa busara. Lakini nilikuwa nakaa kilomita mia tatu na zaidi kutoka kwa mzee mwenye presha, na wasiwasi ulikuwa unanila. Nikaongeza kwamba kila dakika saa itume neno "niko hai" pamoja na kiasi cha chaji. Nikawasha kihisi cha mapigo ya moyo kikae kimewaka mchana na usiku, nione mapigo yake nikiwa kazini. Nikaweka mshale wa sekunde kwenye skrini kwa sababu Baba alisema saa isiyo na sekunde si saa. Nikawasha ile taa inayowaka mtu akiinua mkono.

Kisha nikafanya jambo ambalo leo najuta kuliko yote. Nikamwambia, "Baba, sasa kalenda unaweza kuipumzisha." Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nilimwachisha mbachao mimi mwenyewe, tena kwa tabasamu.

Ukweli ni kwamba tangu Januari niliona chaji haikai. Wiki mbili za kwenye kisanduku zilikuwa masaa 40 na kitu kwa Baba. Siku mbili kasoro. Nikajiambia si mbaya, watu wengine wanachaji kila usiku, siku mbili ni zawadi. Hapo ndipo nilipokosea hesabu, na si hesabu ya umeme bali ya binadamu.

Fikiria kidogo. Jambo la kila siku mtu hulikumbuka kwa sababu lina mahali pake: kabla ya kulala, baada ya chai, wakati wa habari. Jambo la kila wiki nalo lina mahali pake: Jumapili baada ya kanisa, Ijumaa kabla ya msikiti, siku ya soko. Jambo la kila siku mbili kasoro halina mahali popote. Leo chaji inaisha saa nne usiku, keshokutwa inaisha saa kumi na moja jioni, mara nyingine inaisha mtu yuko zizini. Hakuna desturi ya nyumbani inayoenda kwa mwendo huo. Kwa hiyo saa ya siku mbili ni mbaya kuliko saa ya siku moja. Ile ya siku moja inakulazimisha kuwa na desturi. Ya siku mbili inakudanganya kwamba huihitaji.

Machi 2023, Jumatatu usiku, Baba alimeza dawa, akabonyeza kitufe, na baadaye kidogo saa ikazima. Akaiona imezima. Waya wa chaji ulikuwepo, lakini kile kichwa cha kuchomeka ukutani mjukuu alikuwa amekichukua kuchajia rununu yake. Akaiweka saa juu ya redio akisema kesho nitaichaji. Kesho ikawa ya kesho. Jumanne hakuna kilichotetemeka, na mkono uliokuwa umezoea kuambiwa haukukumbuka. Jumatano vivyo hivyo.

Nami Nairobi? Nilifungua ukurasa Jumanne, nikaona kijani. Jumatano nikaona kijani. Programu yangu ilikuwa inaonyesha habari ya mwisho iliyopokea, na habari ya mwisho ilikuwa ya Jumatatu usiku: amemeza. Ili duara liwe jekundu ilibidi saa iseme "hajameza", na saa iliyokufa haisemi. Jumatano jioni nilimpigia simu tukaongea juu ya mvua na ng'ombe aliyekaribia kuzaa. Sikuuliza juu ya dawa hata kidogo. Ya nini kuuliza, na kijani ninakiona?

Alhamisi asubuhi jirani alimkuta amekaa chini karibu na tangi la maji, ameshika kichwa, hawezi kusimama. Walimpeleka hospitali. Presha ilikuwa imepanda vibaya. Alilala huko usiku mbili, na Mungu ni mwema, akatoka akitembea mwenyewe. Daktari alimuuliza swali moja tu: dawa uliacha lini? Baba akasema, "Sikuacha. Saa haikuniambia."

Nilipanda basi la usiku siku hiyo hiyo, nikashuka Voi alfajiri, nikachukua matatu ya kupanda mlima. Jumamosi alipokuwa amerudi nyumbani tukakaa nje kwenye jua, ile saa iko mezani kati yetu, nyeusi tii. Nilitaka kuomba msamaha nikashindwa kuanza. Yeye ndiye aliyeanza.

"Hii saa yako inakula nini?"

Nikamweleza, na nitakueleza wewe pia kama nilivyomweleza yeye. Betri ya 200 mAh ichukulie kama pipa la maji la lita 200. Ukichota lita moja kila saa, maji yatakaa masaa 200, yaani siku nane na zaidi kidogo. Ukichota lita tano kila saa, yanakwisha baada ya masaa 40. Ni pipa lile lile. Rununu nyingi za siku hizi zina betri ya karibu 5000 mAh, mapipa 25 kama hilo, na bado watu wanatembea na waya mfukoni. Saa haina nafasi ya mapipa 25. Inakaa juu ya mkono wa mtu. Kwa hiyo saa janja inaishi kwa kulala. Chipu inaamka kidogo sana, inafanya kazi yake, inarudi kulala. Hata ile Bluetooth ya kutumia nguvu kidogo, iliyokuja na toleo la 4.0 mwaka 2010, ujanja wake mkubwa ni huo huo: redio inazimwa karibu muda wote.

Mimi nilikuwa nimeinyima saa ya Baba usingizi. Mshale wa sekunde ulikuwa unaiamsha mara 86,400 kwa siku. "Niko hai" ilikuwa inaiamsha redio mara 1,440. Kihisi cha mapigo kinafanya kazi kwa kumulika ngozi kwa vitaa vya kijani na kupima mwanga unaorudi, na vitaa hivyo vilikuwa vinawaka usiku kucha, mtu amelala, na anayevitazama mtandaoni naye amelala. Na ile taa ya kuinua mkono! Baba anakama ng'ombe alfajiri. Umewahi kuangalia mikono ya mtu anayekama? Kila akivuta, saa ilidhani anataka kujua ni saa ngapi.

Baba alisikiliza yote. Kisha akasema, "Kwa hiyo si saa iliyokula. Ni wewe."

Ndiyo, Baba. Wasiwasi wangu ndio uliokula betri.

Akaingia ndani, akatoka na ile saa yake ya zamani. Akaniambia kitu ambacho sikuwa nakijua licha ya kukua nikiitazama. Saa ile ukiitia ufunguo mpaka mwisho inakwenda siku moja na nusu, karibu masaa 36 au zaidi, na saa nyingi za aina hiyo ziko hivyo. Lakini hakuna aliyengoja siku moja na nusu. Unaitia kila siku, wakati ule ule. Ule muda wa ziada ni wa siku ambayo una wageni, au umesafiri, au umelala mapema. "Aliyetengeneza saa alijua mtu husahau," akasema. "Akamwachia nusu siku ya kusahau."

Nimefikiria sentensi hiyo kuliko kitabu chochote cha uhandisi nilichosoma. Apple Watch ya kwanza ilipotoka Aprili 2015, kampuni ilisema betri yake ni ya masaa 18, na ikaeleza ilivyopima: mtu anayetazama saa mara 90, anayepata taarifa 90, anayetumia programu dakika 45, na anayefanya mazoezi nusu saa huku akisikiliza muziki kwa Bluetooth. Sina ugomvi na kipimo hicho, kimeandikwa wazi. Lakini nauliza: huyu mtu wa mara 90 ni nani? Si Baba. Baba hana taarifa 90, ana mbuzi. Mazoezi yake ni mteremko wa kwenda shambani na mlima wa kurudi. Kila nambari ya betri kwenye kisanduku ina mtu ndani yake ambaye humjui, na siku yake si siku yako. Mwaka 2022 kampuni hiyo hiyo ilitoa saa kubwa zaidi, Ultra, ikasema masaa 36. Nilipoiona nambari hiyo nilitabasamu. Ni masaa ya saa ya Baba.

Tena si jambo jipya. Mwaka 1972 huko Marekani ilianza kuuzwa Pulsar, saa ya kwanza ya elektroniki yenye tarakimu, kwa dola 2,100. Tarakimu zake zilikuwa za taa nyekundu zinazokula umeme kiasi kwamba skrini ilikaa giza muda wote. Kutaka kujua wakati ilibidi ubonyeze kitufe. Watu walinunua saa ya bei ya gari ambayo haionyeshi saa! Kwa upande mwingine kuna Casio F-91W ya mwaka 1989, ile nyeusi ya plastiki ambayo wengi wetu tumeivaa shuleni. Betri yake inakaa karibu miaka saba. Haijui mapigo yako wala haina habari na rununu yako. Inajua jambo moja na inalijua vizuri. Na katikati kuna Pebble, ambayo mwaka 2012 ilichangiwa na watu kwenye Kickstarter zaidi ya dola milioni 10. Skrini yake ilisomeka kwa mwanga wa jua bila taa, na ahadi yake ilikuwa chaji ya hadi siku saba. Kampuni ilifungwa Desemba 2016, lakini mwaka 2025 Google, ambao walikuwa wameirithi kupitia Fitbit, waliachia programu yake iwe huria. Walioipenda hawakuisahau, na ukiwauliza kwa nini, mara nyingi watakutajia betri.

Turudi Wundanyi. Nilimwambia Baba pia lile jambo la duara la kijani. Nilifikiri hatalielewa. Alilielewa kunizidi.

"Sisi kwenye reli," akasema, "zile ishara za mkono zilikuwa zinavutwa kwa waya kutoka stesheni. Waya ukikatika, mkono unarudi wenyewe kwenye hatari. Nyekundu. Treni inasimama. Hata kama njia ni nyeupe, inasimama. Ishara mbovu haikubaliwi kusema pita." Akanyamaza kidogo. "Yako ilikatika waya ikasema pita."

Nina miaka mingi kazini. Hakuna aliyewahi kuikagua programu yangu kwa sentensi fupi kama hiyo.

Nilikaa nyumbani wiki nzima nikaiandika upya. Kwa wale watunga programu wanaosoma hapa, haya ndiyo niliyobadilisha:

1. Skrini inachorwa upya mara moja kwa dakika. Mshale wa sekunde umeondoka. Baba alinung'unika siku mbili.

2. "Niko hai" ya kila dakika imekufa. Saa inatuma habari mara tatu tu kwa siku: asubuhi baada ya dawa, jioni baada ya dawa, na inapowekwa kwenye chaji. Rununu ikiwa mbali, habari inahifadhiwa kwenye saa mpaka zikutane.

3. Mapigo ya moyo yanapimwa kwa dakika moja wakati wa dawa, basi. Kusema kweli mapigo si kipimo cha presha hata hivyo. Nilikuwa nayatazama ili nijisikie ninafanya kitu. Presha yake inapimwa na mashine ya mkono aliyopewa, mara moja kwa wiki.

4. Taa inawaka kwa kitufe pekee. Ng'ombe sasa anakamwa gizani kama zamani.

5. Kutetemeka kwa dawa hakutegemei rununu wala intaneti wala mimi. Ratiba inakaa ndani ya saa yenyewe.

6. Kwenye seva, kila duara linaanza siku likiwa jekundu. Linakuwa kijani kwa habari ya leo, si ya jana. Ikifika saa nne usiku bila habari yoyote, napata ujumbe wa SMS, naye dada yangu anapata, na ndugu yetu anayeishi karibu anapata. Ukimya nao ni habari, na ni habari mbaya mpaka ithibitike vinginevyo.

Kabla ya kumrudishia nilinunua saa nyingine ya aina hiyo hiyo, nikaivaa mwenyewe, nikawa naandika kiasi cha chaji kwenye daftari asubuhi na jioni. Hapo nikajifunza jambo la kuangalia: ile asilimia unayoonyeshwa ni makadirio. Saa yangu inaikisia kwa kupima volti, na betri ya lithiamu hukaa karibu volti zile zile muda mrefu, kisha mwishoni inaporomoka ghafla. Saa inayosema asilimia 20 inaweza kuzima kabla hujamaliza chai. Kwa hiyo nimeweka onyo kwenye asilimia 40, na onyo hilo linatoka saa moja jioni tu, si katikati ya usiku wakati hakuna atakayelishughulikia.

Matokeo: masaa 40 na kitu yakawa siku tisa. Saa ni ile ile na pipa ni lile lile. Nilibadilisha mchotaji peke yake.

Nikampelekea Baba kwa fahari. "Sasa utachaji mara moja kwa wiki, kila Jumapili."

Akatikisa kichwa. "Nitaichaji kila siku, taarifa ya habari ikianza."

"Lakini Baba, haihitaji. Inakaa siku tisa!"

"Hizo nane nyingine," akasema, "ni za kusahau."

Basi ndivyo inavyokwenda. Redio ikianza habari anaivua na kuiweka kwenye waya. Habari zikiisha anaivaa, na saa mbili inamtetemekea ikiwa mkononi. Nusu saa ya chaji inatosha kabisa kurudisha kilichotumika mchana. Kichwa cha kuchomeka ukutani nimenunua vitatu, na kimoja kimefungwa kwa waya mezani kusudi mjukuu asipate majaribu.

Usiku wa Ijumaa 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Wengi mnaukumbuka. Nairobi nilikaa gizani na rununu yenye asilimia 15, nikifikiria mambo mengi, lakini kwa mara ya kwanza saa ya Baba haikuwa mojawapo. Kwao stima ilirudi siku iliyofuata jioni. Seva yangu ilikuwa imepoteza mawasiliano na rununu yake, duara likawa jekundu kama inavyopaswa, na SMS zikatoka kwa watu watatu. Ndugu yetu akaenda kwa miguu kumtazama. Akamkuta amekaa nje, saa mkononi inasoma asilimia 80 na kitu, amemeza asubuhi na jioni. Alimuuliza amekuja kwa nini usiku. Akaambiwa kompyuta ya Nairobi imesema nyekundu. Baba akafurahi kuliko siku niliyomletea ile saa. "Sasa imejua kazi," akasema.

Watu huniuliza wanunue saa janja gani. Siku hizi siulizi kwanza wana pesa ngapi. Nauliza: ni jambo gani unalifanya kila siku bila kukumbushwa? Kama una desturi ya kila jioni, hata saa ya siku moja na nusu itakufaa, ilmradi iwe na hiyo nusu. Kama huna desturi ya kila siku bali ya kila wiki, tafuta yenye siku kumi na zaidi, ukachaji siku ya saba. Ziogope zile za siku mbili au tatu, hasa kama unamnunulia mzazi, na hasa kama kuna kitu cha maana kinachoitegemea. Kisha toa theluthi nzima kwenye nambari ya kisandukuni, maana betri inazeeka, na mtu aliyepimiwa si wewe. Waya wa chaji nao uutazame. Kama ni wa aina yake peke yake, nunua wa pili siku hiyo hiyo. Na sisi tunaotunga programu tukumbuke kwamba kila tunapoamsha chipu tunachota kwenye pipa la mtu mwingine, ambaye hakutupa ruhusa na hatutazami tukichota.

Saa ya Baba sasa ina zaidi ya miaka mitatu. Betri imechoka kidogo, zile siku tisa zimekuwa saba hivi. Yeye hajaona tofauti yoyote, na sikutarajia aione.

Jambo la mwisho. Nilipoenda nyumbani mara ya mwisho niliona kalenda imerudi ukutani, kalamu kwa uzi kama zamani, alama mbili kila siku. Anabonyeza kitufe, kisha anaweka alama. Sikucheka. Nilisimama nikazihesabu alama za mwezi mzima, kisha nikazilinganisha na zile za kwenye seva yangu.

Seva ilikuwa imekosa moja. Kalenda haikukosa.